Aliyetuchagulia Uwanja

Saa kumi na dakika kumi alasiri ndipo siku yetu ilipoanza. Yote yaliyotangulia, uji wa asubuhi, gwaride, hesabu za kichwa, viboko vya waliochelewa, tuliyachukua kuwa ni kusubiri tu. Kengele ya shule yetu ilikuwa kipande cha chuma cha reli kilichoning'inizwa mtini, na kiranja alipokigonga mara ya mwisho sauti yake ilifika hadi sokoni, kwa maana Voi ya wakati huo haikuwa kubwa. Tulitoka mbio, viatu mkononi kwa wale waliokuwa na viatu, tukiulizana swali moja: leo wapi?

Enzi zetu, ninyi wa rika langu mtanishuhudia, mtoto hakukosa mahali pa kuchezea. Alichokosa ni ruhusa. Mji ulikuwa umezungukwa na nafasi: kuna mto, kuna kiwanja cha reli, kuna njia pana za shamba la mkonge, kuna miamba ya mlimani. Shida ilikuwa kuchagua, na aliyechagua vibaya alirudi nyumbani na alama. Ndiyo maana sisi watoto wa mtaa wetu tulikuwa na mtu wa kutuchagulia. Jina lake Mghoi.

Mghoi alikuwa msichana wa darasa moja nami. Nyumba ya kwao ilikuwa ng'ambo ya mto, kwa hivyo aliuvuka asubuhi akija shule, na akauvuka tena adhuhuri akienda kula na kurudi. Mto Voi mnaujua. Miezi mingi ya mwaka ni mchanga mtupu, mpana, laini chini ya nyayo kuliko zulia lolote nililokanyaga baadaye. Hakuna kiwanja kilichoushinda. Lakini mto ule ulikuwa na wenyewe. Wakati wa kiangazi ndovu walishuka usiku kuchimba maji mchangani, na mara nyingine walichelewa kuondoka kama wageni wasiotazama saa. Mghoi alipovuka adhuhuri aliyatafuta mavi yao, akayagusa kwa kidole gumba cha mguu. Yakiwa makavu, yametawanywa na mende, mto ni wetu. Yakiwa mabichi, alirudi shuleni akasimama mlangoni mwa darasa na kutikisa kichwa, nasi tukajua kwamba leo ni kwingine.

"Yalikuwa na joto namna gani?" Mutua alimuuliza siku moja. Mutua alikuwa golikipa wetu, mtoto wa Kikamba ambaye baba yake aliuza ndoo na misumari karibu na stendi.

"Kama chai uliyoisahau," Mghoi akamjibu. "Nenda ukaionje."

Kwingine nako kulihitaji elimu. Kiwanja cha reli kilikuwa cha udongo mwekundu, kigumu, kimenyooka vizuri, lakini kwa majuma kadhaa baada ya mvua za masika kilijaa mbigili, na sisi tulicheza pekupeku. Tena kilipakana na nyumba za wafanyakazi wa reli, na katika nyumba ya mwisho aliishi mama mmoja tuliyemwita Mama Shuka kwa sababu ya shuka zake nyeupe. Mpira ukigusa shuka, mpira ulikuwa wake, na tuliona kwa macho yetu jinsi alivyoukata kwa kisu cha jikoni, taratibu, kama mtu anayemenya embe. Mghoi alijua siku zake za kufua. Mkongeni kulikuwa na mlinzi wa baiskeli ambaye hakuwa mkali asubuhi, ila akishapata kinywaji cha mchana alitukimbiza hadi barabarani. Mghoi alijua hilo pia. Miambani hakukufaa mpira kabisa. Huko tulikwenda siku ambazo pengine pote pamefungwa, tukateleza juu ya vipande vya madebe ya plastiki mpaka kaptura zikatoboka matakoni.

Kazi yangu mimi ilikuwa kupima magoli. Nilitanguliza unyayo mmoja mbele ya mwingine, kisigino kwa kidole, nikaweka jiwe, nikavuka upande wa pili nikafanya vivyo hivyo. Hakuna aliyeniagiza. Sikuweza tu kuvumilia goli moja kuwa pana kuliko jingine. Wakaniita Futi, na jina hilo limenifuata mpaka leo. Wapo watu mjini Voi wanaonidai au ninaowadai ambao hawajui jina nililobatizwa.

Mpira tuliutengeneza wenyewe. Ndani soksi kuukuu na karatasi za nailoni, nje kamba ya mkonge, kwa sababu nyuzi za mkonge zilidondoka kutoka kwenye mabehewa na kuzagaa kando ya reli, mali ya yeyote mwenye mikono. Mpira wa mkonge ukiwa mkavu ulidunda kidogo. Ukilowa ulikuwa mzito kama jiwe, na ukikupata sikioni ulisikia treni isiyokuwapo. Wasichana walicheza kati, wakikwepa mpira wa kurushiana, na kuruka kamba ya bladda pembeni mwa mistari yetu, na wadogo zetu walicheza banta, yaani gololi, chini ya mikoma, wakila makoma mpaka meno yakageuka rangi ya kahawia. Mghoi alikaa ukingoni, juu ya mzizi mkubwa, magoti amekumbatia. Tulimwita mara nyingi aje acheze.

"Mkicheza nyote, nani ataangalia?" ndilo lililokuwa jibu lake.

Jua lilipoanza kuwa jekundu juu ya mkonge, akina mama waliita. Kila mama alikuwa na sauti yake na kila mtoto alijifanya hasikii ya kwake. Nakumbuka harufu ya moshi ikishuka, na nyumbani pure ya mahindi na maharagwe ikitokota tangu mchana, au, siku ambazo shangazi alishuka kutoka milimani na ndizi na viazi vitamu, kimanga kilichopondwa mpaka mwiko ukasimama peke yake. Mama alinikagua miguu kabla ya kunipa sahani. Alisema, "Ukivunjika mguu usinililie mimi. Wape hayo mawe yako yakubebe." Baba, ambaye alikuwa mtu wa maneno machache, alisema moja tu kila siku: "Mchezo hauna mshahara." Na nyanya yetu mzaa mama, ambaye aliogopa mto kuliko alivyoogopa ndovu, alisema, "Maji hayaulizi mtoto ni wa nani."

Neno hilo la nyanya tulilicheka mpaka siku ya mechi na watoto wa reli.

Ilikuwa mechi kubwa kwa sababu mjomba wake Athumani alikuwa ameleta mpira wa ngozi kutoka Mombasa. Athumani alikuwa mshambuliaji wetu, mwenye miguu mirefu na maneno marefu zaidi. Tulikubaliana kucheza mtoni, na mimi wakati wa chakula cha mchana nilikwenda nikapanga mawe yangu. Jua lilikuwa linawaka. Hapakuwa na wingu hata moja juu ya Voi. Kengele ilipolia Mghoi alikuwa amesimama mlangoni, akitikisa kichwa.

"Ndovu?" tukamuuliza.

"Hakuna ndovu."

"Sasa ni nini?"

"Mbololo hauonekani."

Tukageuka kutazama. Kweli, pale ambapo kila siku tuliona mlima palikuwa na ukungu wa kijivu, na milima ya Dawida nyuma yake ilikuwa imefutika kabisa. Lakini hapo tulipokuwa sisi mchanga ulikuwa unachoma.

"Mvua iko huko, sisi tuko hapa!" Athumani alisema. "Watasema twaogopa. Mghoi, wataka tuaibike?"

"Mbuzi wa kwenu wamekula akili yako," Mutua akaongeza.

"Mutua," Mghoi akasema bila kupandisha sauti, "ungekuwa unadaka mipira kama unavyodaka maneno, mechi ya juzi hatungefungwa."

Watu wakacheka, na kicheko hicho ndicho kilichotuokoa, maana mtoto aliyechekwa hana tena nguvu ya kubisha. Tulikwenda kiwanja cha reli tukinung'unika. Watoto wa reli walitupigia mbinja za dharau njia nzima. Mechi ikaanza. Tulikuwa bado hatujafungana tuliposikia ngurumo, na sote, timu zote mbili, tukageuza vichwa kutazama reli tukitafuta treni ya mizigo. Reli ilikuwa tupu. Ngurumo ilitoka upande mwingine.

Tulipofika ukingoni mto ulikuwa umejaa kutoka upande hadi upande. Maji ya rangi ya chai ya maziwa, yanabeba migomba mizima kutoka mashamba ya juu, magogo, mlango wa banda, na mbuzi mmoja ambaye kichwa chake kilionekana, kikapotea, kikaonekana tena mbali. Mawe yangu ya magoli sikuyaona tena maishani. Jua lilikuwa bado linatuchoma migongoni. Mghoi alisimama nyuma yetu, na nilipogeuka nikaona kwamba yeye hatazami maji, alikuwa anatuhesabu.

Tangu siku hiyo hakuna aliyembishia. Hata watoto wa reli walimtuma mmoja wao aje kuuliza, "Mghoi anasemaje?" kabla hawajatoka nyumbani.

Hatukuagana. Hilo ndilo linalonishangaza nikikumbuka. Hakuna siku ambayo tuliambiana kwamba leo tumecheza mara ya mwisho. Athumani alikwenda Mombasa kwa wajomba zake. Mutua alilirithi duka la baba yake, kisha akalihamishia Maungu kando ya barabara kuu, ambako malori husimama. Mghoi aliolewa Bura, na mwalimu mmoja mpole ambaye sisi tulimwita Mwalimu tu, kwa kuwa kila mtu huko alimwita hivyo. Mimi shule niliiacha kidato cha pili. Kazi ya mabomba na pampu za maji niliisoma kwenye vitabu vya mitumba, ukurasa baada ya ukurasa, na ndiyo iliyosomesha wanangu, ambao sasa wako Nairobi na hunipigia simu Jumapili. Mke wangu alifariki. Nyumba imekuwa na kimya ambacho redio haikijazi.

Mwanzoni mwa mwaka huu daktari wa kliniki, kijana ambaye umri wake ni wa mwanangu wa pili, alinipima presha, akanitazama juu ya miwani.

"Mzee, tafuta activity."

"Activity gani?"

"Yoyote. Bora utoke jasho, na usiwe peke yako. Watu wa umri wenu wakikaa peke yao hunyauka."

Nililichukua neno hilo nikaenda nalo nyumbani. Jasho ningeweza kulipata kwa jembe. Hilo la pili ndilo lililonisumbua, kwa kuwa nilipojaribu kufikiri ni nani ningeweza kumwambia "twende tukacheze", nilijikuta nikitaja watoto. Mghoi. Mutua. Athumani. Wengine wawili watatu wa mto. Nikataka kitu kimoja, na nilikitaka kuliko nilivyotaka kupona presha: wenzangu warudi uwanjani, hata mara moja kwa wiki.

Nikafungua kundi kwenye simu, nikaliita Watoto wa Mtoni. Siku ya kwanza lilichangamka kama soko. Watu walitumiana picha za wajukuu. Kisha nikauliza tukutane wapi, na hapo ndipo niliposhuhudia jinsi rika letu lilivyoharibika.

"Mie huku Mombasa sina hata pa kunyoosha mguu," Athumani akasema kwa sauti aliyoirekodi, magari yakipiga honi nyuma yake. "Tafuteni pahala pana kivuli na bwawa la kuogelea, n'takuja."

"Pawe na parking," akaandika Mutua. "Na nyama choma. Mtu hawezi kucheza na njaa."

"Ni mazoezi, si harusi," nikamjibu.

"Futi, hata harusini watu hutoka jasho."

Niliamua kwenda kukagua mwenyewe, pahali baada ya pahali. Nilianza na mto. Mchanga umechotwa na malori mpaka yamebaki mashimo ambayo mtu mzima akisimama ndani huoni kofia yake, na ukingoni, pale palipokuwa na ule mzizi, kumeota mathenge yenye miiba na mifuko ya takataka imenasa juu yake kama nguo. Kiwanja cha reli kimekuwa vyumba vya kupanga. Mkongeni kuna lango. Nikaenda shuleni kwetu, nikamkuta mlinzi ameketi.

"Mzee, uko na barua?"

"Barua ya nini?"

"Ya kuingia."

"Mimi nilisoma hapa."

"Hata mimi nililala hapa jana," akasema, "na asubuhi bado nimeandika jina kwa kitabu."

Nilipanda pia ghorofani kwenye jumba la mazoezi ambalo vijana hulisifu. Wamejipanga mbele ya kioo, kila mmoja amezibwa masikio, wanakimbia juu ya mashine isiyokwenda popote, na wanalipia. Mmoja alikimbia kidogo, akasimama, akajipiga picha, akajifuta jasho ambalo sikuliona. Hawakusemezana. Sisi tulikimbizwa na mlinzi wa mkonge bure, tena tukicheka.

Mwishowe nikapata uwanja mpya wa nyasi za plastiki, umezungushiwa wavu mrefu, una taa, unakodishwa kwa saa. Vijana huuita taf. Niliupima. Magoli yalikuwa sawasawa pande zote mbili, jambo ambalo, nakiri, lilinipendeza. Nikampigia Mghoi ili aniambie neno lake. Aliongea kwa sauti ya chini, na nyuma yake palikuwa na mlio wa kitoroli kinachosukumwa.

"Futi, niko na mgonjwa hapa. Sema."

Nikamweleza. Nyasi, mistari, wavu, taa.

"Saa kumi jioni kuna kivuli?"

"Hakuna."

"Watakaochoka watakaa wapi?"

"Sijaona viti."

"Na umesema Jumamosi?" Nikasikia akisogea kando. "Jumamosi si yetu, Futi. Umri huu wetu Jumamosi ni ya mazishi. Wape Jumapili jioni."

Nilicheka. Nilimwambia Jumapili watu wamechoka na kanisa. Alisema haya, akakata simu. Nilikuwa na mengi ya kumwambia juu ya ule uwanja, na ya mgonjwa sikuuliza.

Nikalipia Jumamosi ya wiki iliyofuata, pesa ambayo hairudishwi. Nikatangaza kwenye kundi. Hakuna aliyejibu. Kimya hicho nilikichukua kuwa ni kukubali, maana utotoni Mghoi akishasema wapi hakuna aliyejibu, tulikwenda tu. Alhamisi simu yangu ililia: nimeongezwa kwenye kundi jipya, Kamati ya Mazishi ya Mzee Mwakireti. Ninyi mnajua makundi haya. Huku kwetu mtu anaweza kuwa kwenye kamati tano za mazishi ya watu asiowafahamu, kwa sababu tu namba yake iko kwenye simu ya binamu wa mtu. Sikumfahamu Mzee Mwakireti yeyote. Nikajitoa bila kusoma, nikarudi kwenye shughuli yangu ya kununua mpira.

Jumamosi nilifika mapema na mpira wa ngozi chini ya kwapa na katoni ya chupa za maji. Nilivaa raba. Nikatembea mstari mzima wa uwanja, nikarudi. Ukimya wa nyasi za plastiki ni wa namna yake. Hata mguu wako mwenyewe huusikii. Nikapiga mpira golini, nikaenda kuuchukua, nikapiga tena. Mpira wa ngozi ukipigwa golini kusikokuwa na golikipa hugonga wavu, ukaanguka, ukatulia hapo kukungoja. Nilimpigia Mutua, hakushika. Nilimpigia Athumani; simu iliita mpaka ikakoma.

Vijana waliokodi saa iliyofuata walifika wakasimama nje ya wavu.

"Mzee, team yako iko wapi?"

"Wako njiani."

Wakatazamana. Mmoja, kwa heshima, akasema, "Si tuingie basi, hii time inaenda bure. Wewe tushikie tu simu."

Nikawafungulia. Nikakaa kwenye katoni yangu, simu zao zimejaa mapajani mwangu, zikitetemeka moja baada ya nyingine. Walicheza vizuri. Waligombana juu ya kila mpira, maana hawakuwa na mtu wa kuwaamulia. Yangu nayo ilitetemeka, nikadhani ni Mutua amefika langoni.

Ilikuwa picha, Athumani ameituma kwenye kundi letu. Hema la kijani, viti vyeupe vya plastiki, migomba nyuma. Athumani mwenyewe ndani ya kanzu, aliyesema Mombasa haina nafasi ya kunyoosha mguu. Mutua na tai. Wale wengine wa mto, nywele nyeupe, matumbo mbele, wamesimama kwa mstari mmoja kama timu. Katikati yao Mghoi, amevaa nyeusi. Chini Athumani alikuwa ameandika: "Ahsanteni mliofika Bura. Mwalimu ametutoka. Mghoi, jikaze mama."

Nilizisoma sentensi hizo mpaka vijana walipokuja kuchukua simu zao.

Kesho yake nilipanda Bura na mfuko wa unga na sukari. Nguzo za hema zilikuwa bado zimelala uani. Mghoi alikuwa ameketi kwenye kigoda nje ya jiko, leso begani, anachambua maharagwe ambayo yalikuwa yameshachambuliwa. Aliponiona hakuinuka.

"Futi. Leo ndiyo umefika."

"Pole, Mghoi."

"Nimepoa. Jana nilikutafuta kwa macho. Nikasema labda yuko nyuma, anapima hema."

Nikakaa chini kando yake.

"Mutua alikuongeza kwa kamati," akasema. "Ukatoka. Watu wote waliona umetoka. Mutua akasema, pengine Futi anaogopa mchango, tumwache. Nikamwambia mwacheni."

"Sikumjua Mwakireti ni nani."

Aliacha maharagwe. "Ulikula wali kwa harusi yake."

"Nilimjua Mwalimu."

Kuku walipita kati yetu. Ndani ya jiko akina mama waliokuja kumsaidia walikuwa wanaosha masufuria makubwa ya kuazima, na mmoja aliniletea chai, akaniita mzee, akarudi ndani.

"Sasa jana ulikuwa wapi?" Mghoi akaniuliza.

"Uwanjani."

"Na nani?"

"Peke yangu. Baadaye nikawashikia vijana simu."

Alinitazama. Kisha alianza kucheka, kidogo kidogo, bega likitikisika, mpaka akina mama wa jikoni wakachungulia mlangoni kuona ni nini kimempata mjane. Alicheka akijifuta macho kwa pembe ya leso, na kicheko kilipokwisha aliendelea kujifuta. Sikumgusa. Huku kwetu mwanamume hamgusi mjane wa jana, hata kama walikua pamoja.

Tulikaa hivyo mpaka kivuli cha nyumba kikatufikia. Nilifikiri jinsi sisi watu wa rika hili tunavyokutana siku hizi. Vijana wana mashine zao na plastiki yao ya kijani, nasi tuna mahema. Jumamosi hii Bura, Jumamosi ijayo Maungu, nyingine huko Kishushe ambako hata gari la kukodi hukataa kwenda, na bado tunafika. Tunavaa vizuri, tunakaa kwa mstari, tunakula wali, tunaulizana magoti yanasemaje, tunapiga picha, tunatawanyika kabla ya giza. Zamani tuliitana kwa mbinja na mtu alitoka hata kama ameadhibiwa. Sasa hakuna anayetoka kwa sababu ya aliye hai. Na mimi, ambaye nilikagua kila kiwanja cha mji mzima, hicho kimoja walimokuwamo wote ndimo nilimojitoa kwa kidole changu mwenyewe.

"Huo uwanja," Mghoi akasema hatimaye, akiyarudia maharagwe yake, "wa kucheza peke yako. Ulikula pesa ngapi?"

Nikamwambia bila kupunguza. Uwanja elfu mbili, mpira elfu moja na mia mbili, maji ya watu ambao hawakuja mia tatu. Shilingi elfu tatu na mia tano, na hakuna hata moja iliyofika kwenye mchango wa Mwalimu.